Nyumba Saba za Chumbe
Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini magharibi mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hakina maji baridi. Anayetaka kulaza wageni pale atayavusha maji kwa mashua au ataingoja mvua. Waliojenga nyumba saba za wageni katika miaka ya 1990 waliamua kuingoja mvua, na karibu kila ninachokistahi katika kazi yao kimeanzia hapo.

Tazama paa. Ni la makuti, limetandazwa kama tanga, pana kuliko linavyohitajika kwa kivuli. Mvua ya masika huteremka juu yake, ikachujwa, ikaingia kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Mgeni hulala juu ya maji atakayoogea kesho. Yakishatumika bafuni hayaachwi yajiendee baharini: huchujwa tena, kisha hupitishwa kwenye vitalu vya mimea inayofyonza naitreti na fosfeti. Hivyo ndivyo vyakula vya mwani, na mwani ukishamiri husonga matumbawe. Choo nacho hakitumii maji kabisa. Kinyesi huoza taratibu kikawa mboji. Umeme ni wa jua. Nyumba ni saba tu, kwa hiyo wageni hawaongezeki hata msimu ukiwa mzuri kiasi gani. Nadhani huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote, kwa sababu kila mwaka kuna pesa inayoachwa ipite.

Uangalifu wa namna hii una utaratibu wake ulioandikwa: kampuni nyingi kubwa duniani hufuata ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, kilichotolewa mwaka 1996 na kupitiwa upya 2004 na 2015. Kinadai jambo la subira: ujue shughuli zako zinagusa nini, uweke lengo, utende, upime, urekebishe, kisha uanze upya. Wengi huchoka kwenye kupima. Ni kazi isiyo na sherehe.

Chumbe kazi hiyo wameachiwa walinzi, wengi wao wavuvi wa zamani kutoka vijiji vya jirani. Mwamba wa upande wa magharibi ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na kuvua pale ni marufuku. Walinzi hawana silaha. Chombo kikisogea, humfuata mvuvi, wakasalimiana, wakamweleza kwamba samaki wanaokulia hapa ndio watakaohamia kwenye maji anayovua yeye. Anayezungumza naye anaijua njaa ya nyumba ya mvuvi, na anajua mtego unavyotegwa, ndiyo maana maneno yake yana uzito.

Kisha huandika: tarehe, aina ya chombo, watu wangapi, zana gani. Siku isipotokea chombo, hilo nalo lina maana kwa atakayeyasoma madaftari hayo miaka kumi baadaye, akitafuta mwaka ambao wavuvi walianza kuuzunguka mwamba badala ya kuuingia.