Mswaki na Mpunga Mbele ya Chumvi

Milima ya Uluguru huinyima mvua nchi iliyo nyuma yake. Mteremko wa mashariki, kuanzia Kinole hadi Matombo, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na chumvi ya udongo husombwa na mto Ruvu mpaka baharini. Mbuga ya Mkata, upande wa magharibi, haifikii nusu ya kiasi hicho. Kwenye nchi kavu namna hiyo maji hupanda kutoka chini, jua huyakausha, chumvi hubaki. Mwagilia shamba lisilo na mitaro ya kutolea maji na mambo huharakishwa. Katika skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, wilayani Same, chumvi ya udongo imewasumbua wakulima: majani ya mpunga huungua kuanzia nchani ilhali shina limesimama majini.

Chumvi huyashika maji yasiingie mzizini. Kisha sodiamu hupenya na kupora nafasi ya potasiamu ndani ya seli.

Mswaki, mti ambao vijiti vyake husafisha meno toka Pwani hadi Oman, huikubali sodiamu kisha huifungia. Hupelekwa ndani ya vakuoli, kile kifuko kinachochukua sehemu kubwa ya seli, na humo hugeuka kuwa msaada, kwani seli yenye chumvi nyingi huvuta maji kutoka udongo mgumu. Nje ya kifuko mmea hutengeneza viyeyushwa visivyo na madhara ili mvuto wa maji wa pande mbili ulingane. Ndiyo maana jani la mswaki ni nene. Ukilitafuna, chumvi hutangulia, kisha ukali wa haradali.

Mchu, mkoko wa delta ya Rufiji, una mtindo mwingine: huzuia chumvi nyingi mizizini, na iliyopenya huitoa kwa tezi za majani. Jua likichomoza, chembe nyeupe hung'aa juu ya jani.

Watafiti wengi wa mpunga hawakuazima kwa mti wowote kati ya hiyo, na walifanya vizuri. Kusukuma chumvi hula nguvu nyingi. Mkulima anataka magunia. Waligeukia Pokkali, mpunga wa asili wa Kerala, ambao jeni yake ya HKT1;5 huivuta sodiamu nje ya mkondo wa maji kabla haijafika jani. Tanzania nayo ina mbegu zake za kustahimili chumvi, za SATO.

Mbegu hizo hazipunguzi chumvi shambani. Kwenye udongo wa magadi hutiwa jasi, kalsiamu yake ikiifukuza sodiamu, kisha maji baridi huisafisha. Ila mtaro wa kutolea maji lazima uchimbwe kwanza.