Sanamu Zinaanguka kwa Amri, Zinasimama kwa Amri

Juu ya masanamu ya zamani watu wanabishana sana, na mabishano karibu kila mara yanaishia kwa maneno mawili: «iondoke» ama «ibakie». Sisi tunaona ulizo hilo limekosewa tangu mwanzo. Mbele ya kuuliza kama sanamu ibakie, tuulize ni nani aliyeamua, na ni nani ambaye hakuulizwa.

Tuchukue mfano wa Leopold wa Pili, yule wa juu ya farasi. Mwaka 1967 Mobutu aliamuru aondolewe Kinshasa, na akaondoka. Februari 2005 waziri wa utamaduni, Christophe Muzungu, alimurudisha katikati ya mji, akisema raia waone pia mema ya mfalme. Masaa machache tu, akashushwa tena. Leo yuko Mont Ngaliema, katika bustani ya makumbusho, pamoja na wenzake wa ukoloni. Kuanguka ni amri, kusimama ni amri, kushuka tena ni amri. Raia alibaki mutu wa kutazama tu.

Hatumulaumu waziri kwa kutaka watu wakumbuke. Kukumbuka ni kazi njema. Lakini mfalme juu ya farasi, katikati ya barabara kubwa, hafundishi kitu: anapewa heshima tu.

Kwetu Katanga jina la Leopold si la kitabuni tu. Msiri, mwami wa Bayeke, aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na kapiteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliokuja kusimamisha bendera ya mfalme huyo. Nyuma ya bendera ikaja kampuni, Union Minière, mwaka 1906. Na hapa Kambove wazungu hawakuvumbua mukuba. Walikuta mashimo ya bankambo, waliochimba, wakayeyusha mawe, wakatengeneza ile misalaba ya mukuba.

Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma juu ya mshahara walipigwa risasi Elisabethville, kwenye uwanja wa mpira. Léonard Mpoyo, aliyewasemea wenzake, alikufa pale. Muulize mtoto wa shule juu ya Leopold na Stanley, atakujibu. Muulize Mpoyo ni nani, atanyamaza. Hasara yetu iko hapo, kuliko kwenye farasi wa shaba.

Wengine wanasema: «Mukiondoa sanamu, munafuta historia.» Hapana. Juni 2020, huko Antwerp, Wabelgiji wenyewe waliondoa Leopold mmoja, na ndipo wengi walianza kuuliza alifanya nini Kongo. Tarehe 30 ya mwezi ule mfalme Philippe akamwandikia rais wetu barua ya masikitiko. Wengine tena wanasema: «Mambo ya zamani, muache.» Hao tunawajibu kwa mithali: mwenye kovu usidhani kapoa.

Ugumu uko kwetu wenyewe pia. Kumushusha mfalme mzungu ni rahisi. Lakini hapa Katanga, mu nyumba moja, mmoja anamuita Tshombe baba, mwingine anamulilia Lumumba, aliyeuawa si mbali na Lubumbashi tarehe 17 Januari 1961. Juu ya hao amri haitatosha. Itafaa watu wakae chini waongee, kama wazee wanavyokaa wakati ndugu wawili wanagombania shamba: kila mmoja anasema, hakuna anayekatwa neno.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Sanamu ikiondolewa, iwekwe mahali inapoweza kuelezwa, na maandiko yake yaseme pia waliokufa. Ikisimamishwa mpya, wenye mji waulizwe kwanza. Na sisi wa Kambove, tusingojee serkali: tuandike majina ya baba na bankambo walioshuka mu mashimo, wazee wanaoyajua wakingali hai. Wao wakienda, hata waziri hataweza kuyarudisha.