Bakuli la githeri Kyeni Kusini

Mwaka 1998, katika tarafa ya Kyeni Kusini, Embu, shule 12 za msingi zilipangwa kwa kura. Shule 3 ziliangukia githeri (mahindi na maharagwe) yenye nyama ya kusaga, 3 githeri pamoja na maziwa, 3 githeri iliyoongezwa mafuta, na 3 zilizobaki hazikupewa chakula. Walioanza walikuwa zaidi ya watoto 500 wa darasa la kwanza, na mwaka uliofuata kundi jingine likaongezwa. Mjadala wa chakula cha bure shuleni hapa Kenya huishia kwenye pesa, zabuni na idadi ya watoto. Jaribio la Kyeni lilianza na swali linalotangulia hayo yote: mtoto amepakuliwa nini?

Swali hilo halikuzuka hivi hivi. Kati ya 1984 na 1986 watafiti walikuwa tayari wamefuatilia familia za Embu, na wakaona kwamba watoto waliokuwa wakipata nyama na maziwa walikua vizuri zaidi na kufanya vyema zaidi katika majaribio ya akili. Lakini nyumba inayomudu nyama aghalabu humudu pia daftari, dawa na mzazi aliyesoma. Utamshukuru nani, ng'ombe au mshahara? Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao, waliamua kukata mzizi wa fitina kwa kura.

Kura ilipigwa kwa shule, si kwa mtoto mmoja mmoja. Hilo naliona jambo la utu kabla ya kuwa la kitaalamu, kwa sababu huwezi kuwaketisha watoto wawili dawati moja, huyu ale nyama na yule amwangalie. Lakini uamuzi huo una gharama yake. Shule 3 kwa kila kundi ni chache, na mwalimu mmoja hodari wa hesabu anaweza kuyumbisha matokeo ya kundi zima. Anayesoma takwimu za Kyeni asilisahau hilo. Wazazi wa shule zisizolishwa nao hawakuachwa mikono mitupu: jaribio lilipomalizika, kila familia ilipewa mbuzi.

Ufundi wenyewe ulikuwa kwenye mapishi. Msingi wa mabakuli yote ulikuwa mmoja, mahindi na maharagwe na mboga za majani, chakula ambacho mtoto yeyote wa Embu au Meru amekikuta nyumbani. Kwenye bakuli la nyama ziliongezwa gramu 60 za nyama ya ng'ombe iliyosagwa, baadaye 85. Kundi la maziwa lilipata mililita 200, baadaye 250. Sasa, nyama na maziwa huleta nguvu ya ziada mwilini. Kama wangeishia hapo, mtu angesema watoto wale walifaulu kwa sababu walikula zaidi, basi. Ndiyo maana githeri ya kundi la tatu ilitiwa mafuta mpaka mabakuli yote matatu yakalingana kwa nguvu, takribani kilokalori 240 mwanzoni na 313 baadaye. Kijiko hicho cha mafuta ndicho kilicholipa jaribio uzito wake, kwani tofauti yoyote iliyobaki ingetokana na aina ya chakula, si wingi wake. Na kwa kuwa nyama ilisagwa, ilichanganyika na punje, hivyo mtoto mwenye meno yanayong'oka aliweza kuila pamoja na githeri yenyewe.

Chakula kilitolewa wakati wa mapumziko ya asubuhi ili kisichukue nafasi ya chakula cha mchana wala cha jioni. Hata hivyo, watafiti hawakuishia shuleni. Walifuatilia pia kilicholiwa nyumbani, na hapo ndipo lilipo somo ambalo programu nyingi hulipuuza. Katika kundi la githeri ya mafuta na lile la maziwa, watoto walianza kupata nguvu pungufu kutoka kwenye chakula cha nyumbani kuliko awali. Kundi la nyama ndilo lililoongeza jumla ya nguvu kwa siku kuliko mengine. Simlaumu mama anayepunguza upawa kwa mtoto aliyekwisha kula shuleni. Ana wengine wa kuwagawia. Lakini mpangaji anayehesabu sahani za shule peke yake anajihesabia faida ambayo huenda sehemu yake imeshahamia kwa wadogo zake mtoto huyo.

Mihula 7 ilipopita, makundi yote matatu yaliyolishwa yalikuwa yameongeza uzito zaidi ya wasiolishwa kwa takribani nusu kilo kasoro. Kundi la nyama lilijenga misuli ya mkono kuliko wote. Maziwa yaliongeza kimo, lakini kwa wale tu waliokuwa wafupi kwa umri wao tangu mwanzo. Katika jaribio la kufikiri kwa kutumia michoro, lile la Raven, kundi la nyama liliyapita mengine yote. Katika hesabu, nyama na githeri ya mafuta ziliwapita wasiolishwa. Waangalizi waliowatazama watoto wakicheza uwanjani waliandika kwamba waliokula nyama walikimbia zaidi, walianzisha michezo na kuwaongoza wenzao.

Vipimo vya damu ndivyo vilivyoshangaza. Mtu angetegemea madini ya chuma yapande, nyama ikiwa ni chimbuko lake. Kilichoonekana kupanda ni vitamini B12 peke yake, kwa waliokula nyama na waliokunywa maziwa. Mahindi na maharagwe hayana B12 hata chembe, kwa hiyo pengo lilikuwa kubwa na kuzibika kwake kukaonekana wazi. Chuma ni habari nyingine: malaria na maambukizi huvuruga vipimo vyake, na fitati, kemikali iliyomo kwenye nafaka na kunde, huking'ang'ania kisifyonzwe.

Tuangalie basi nchi ilifanya nini. Maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa bure shuleni kuanzia 1979 kwa pakiti ya mililita 200 mara mbili kwa wiki, yalikuwa yamekufa katika miaka ya 1990. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa chakula cha shule kinachonunuliwa mashinani, ikapeleka pesa kwenye akaunti za shule za maeneo kame ili kamati zinunue kwa wakulima na wafanyabiashara wa karibu. Utaratibu huo naupenda, kwani soko la mkulima lilisogezwa hadi langoni mwa shule. Posho yenyewe ilikuwa gramu 150 za nafaka, gramu 40 za kunde, gramu 5 za mafuta, na chumvi. Yaani, kati ya mabakuli matatu ya Kyeni, taifa lilichukua lile la tatu. Halikuwa bakuli bovu, maana lilisaidia hesabu na uzito, na mtoto mwenye njaa wa Mbeere au Tharaka hawezi kuambiwa asubiri nyama. Lakini halina B12.

Kwa Embu na Meru kisingizio ni chembamba. Ng'ombe wa maziwa wapo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na ushirika wa Meru una kiwanda chake cha kusindika. Nyama ya kila siku ni ghali, nakubali. Ila si kila kirutubisho kinadai kila siku: ini huhifadhi B12 kwa muda mrefu, kwa hiyo maziwa ya siku mbili kwa wiki, kama yale ya Nyayo, yangeziba sehemu ya pengo hilo. Zinki, madini mengine yaliyomo kwenye nyama, haina ghala kama hilo mwilini. Mwili huihitaji mara kwa mara, na kwa watoto wa githeri hapo ndipo kiasi kidogo cha nyama ya kusaga au dagaa wa unga, kikitiwa sufuriani siku nyingi za wiki, kinastahili kupimwa kwa umakini ule ule wa 1998.