Madhabahu ya Mkunazini na Njia ya Rufiji

Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, Unguja, ni la Waanglikana. Hata hivyo mchungaji anayehudumu Kibiti au katika delta ya Rufiji ana sababu ya kulichunguza. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash alikuwa amelifunga mwezi Juni mwaka huo huo.

Kwa sura ni jengo la Kigothi, lenye matao yaliyochongoka, lakini ni Kigothi cha pwani. Askofu Edward Steere alijenga kwa matumbawe na saruji, na dari akaikunja kama nusu ya pipa. Mtaalamu atalalamika kwamba dari ya namna hiyo ni ya zama zilizoutangulia Ugothi, na alalamike. Nyumba za mawe za pwani zilifunikwa kwa boriti za mikoko, nyingi zikiwa zimekatwa Rufiji, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Steere aliuvuka mpaka huo, na huo ndio ustadi wake mkuu. Ama zile nguzo zilizosimama kichwa chini, ambazo husimuliwa kwamba mafundi walizipindua Askofu akiwa safarini, tunawaachia watembeza wageni.

Sanaa iliyo nzito zaidi iko sakafuni. Karibu na madhabahu, duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu laonyesha mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, Luther alimtaka mwanatheolojia wa msalaba akiite kitu jinsi kilivyo. Sakafu hii yafanya hivyo, na damu haikufunikwa kwa dhahabu.

Lakini kumbukumbu yake ni nusu. Ndani hukumbukwa Livingstone, kwa msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo ulikozikwa moyo wake, na mabaharia Waingereza waliokufa wakizuia biashara hiyo. Ilhali majuma yale yale jiwe la msingi lilipowekwa, Frederic Elton, ofisa wa ubalozi wa Uingereza, alikuwa akisafiri bara kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi aliwahesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakiswagwa kwa miguu kuelekea kaskazini, kwa kuwa njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku. Misafara hiyo ya nchi kavu Barghash aliikataza mwaka 1876 tu. Sanamu za watumwa ndani ya shimo, zilizochongwa na Clara Sörnäs na kuwekwa uani mwaka 1998, zimewapa watumwa nyuso. Zimewaonyesha sokoni, si njiani.

Kwa hiyo usharika unaojenga Kibiti na kutamani madirisha yaliyochongoka, tungeushauri uyaache, uige sakafu. Msafara ule ulipita katika nchi yao, na kivuko chake cha Rufiji hakitajwi Mkunazini.