Beki Hapimwi kwa Viza



Siku ya Mungu iliyopita tulikuwa watano kwenye kioski moja ya Kamalondo, tunakunywa maji ya baridi na kubishana mpira. Wote tuko na diplome, mmoja tu njo ako na kazi ya mshahara. Swali lilikuwa hili: toka tumalize masomo ya primere, ni beki gani mkubwa kuliko wote ambaye Congo imetoa? Wote walisema Chancel Mbemba, na mimi sikupinga. Niliongeza tu kwamba tumuweke na Joël Kimwaki kwenye meza moja, tuwalinganishe vizuri. Ndugu mmoja, mtu wa sheria, akacheka: «Kimwaki? Ule si alibakiaka tu hapa!» Wengine wakacheka pia, na ubishi ukaishia hapo.

Mi sikucheka sana. Hilo neno «alibakia» ninalijua. Niko na miaka 28, niko na lisansi ya agronomia, na nimeomba burse ya kuendelea na masomo Ulaya mara mbili. Jibu la pili lilifika mwezi uliopita, nalo lilikuwa sawa na la kwanza. Toka hapo, kila nikikutana na mjomba wangu ananiuliza: «Mwipwa, ungali hapa?» Sawa vile kubakia ni ugonjwa.

Basi ninaomba tuirudilie ile kesi, pole pole, kwa sababu ninaona tulihukumu vibaya. Na si Kimwaki peke yake tuliyemkosea. Hata Mbemba tulimkosea.

Tuanze na aliyetoka. Mbemba alizaliwa Kinshasa, akaenda Anderlecht ya Ubelgiji angali kijana, na mwaka 2014 akashika ubingwa wa huko. Mwaka 2015 akaingia Newcastle, Uingereza. Ekipe ikashuka daraja mwaka 2016, ikapanda tena mwaka 2017, lakini yeye nafasi yake ilikuwa imepungua. Mwaka 2018 akaenda Porto, Ureno, na kule njo wengi tulimuona vizuri. Fainali ya Kombe la Ureno ya mwaka 2020, Porto ilishinda Benfica 2-1, na goli zote mbili alifunga yeye, beki. Mwaka 2022 akaenda Marseille, Ufaransa.

Ukimtazama akicheza, utaona kitu ambacho video fupi za simu hazionyeshi. Hana urefu wa kutisha, lakini anaruka kwa wakati wake. Anasoma pasi mbele ya mshambuliaji kuisoma. Kazi ya beki iko hivyo: akiifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na kitu kisichotokea hakipigwi picha. Njo maana mabeki tunawahukumu kwa vitu vingine: ekipe gani, nchi gani, bei gani. Tunasoma pasipoti badala ya kutazama mechi.

Lakini ile pasipoti haielezi msimu wa 2024-2025. Msimu mzima, Marseille haikumchezesha Mbemba hata mechi moja. Mkataba alikuwa nao, mshahara pia, Ulaya alikuwa Ulaya, lakini kazi hakuna. Wakati huo huo timu ya taifa iliendelea kumuita, na yeye aliendelea kukuja. Kisha akaenda Lille. Novemba 2025, kule Moroko, Cameroun ilikuwa inatupeleka kwenye dakika za nyongeza, na yeye akafunga goli la 1-0 muda ukiwa umekwisha. Siku tatu nyuma yake, na Nigeria, mambo yakafika penalti, na ile ya mwisho, ya kutupitisha, alipiga yeye. Mtaani kwetu watu walilia. Sikusikia hata mmoja akiuliza huyu kapiteni anacheza ekipe gani wiki hii.

Sasa tumtazame aliyebakia. Kimwaki pia ni mtoto wa Kinshasa. Alikuja huku Lubumbashi, na miaka mingi ya kazi yake aliifanyia TP Mazembe. Desemba 2010 alikuwa ndani ya ile ekipe ya Badiangwena iliyopiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Fainali tulipoteza 3-0 mbele ya Inter ya Milano, sawa, lakini tulifika. Mwaka 2015 Mazembe ikashika tena kombe la mabingwa wa Afrika. Mwaka huo huo, robo fainali ya Kombe la Afrika kule Bata, tulikuwa tumefungwa 2-0 na Congo-Brazzaville, tukarudi tukashinda 4-2. Goli la tatu lilikuwa la Kimwaki. Na Februari 2016, kule Kigali, tulipiga Mali 3-0 kwenye fainali ya CHAN, na kapiteni aliyeinua kombe alikuwa yeye. CHAN ni mashindano ya wanaocheza kwenye ligi ya nchi yao, maana yake mashindano ya «balibakia».

Mtu anaweza kunijibu: ligi ya kwetu si Ligi ya Ufaransa. Ni kweli, na sikatai. Kumkaba mshambuliaji wa Ulaya kila wiki ni mtihani mkubwa zaidi, na ukiniambia nichague beki mmoja, ninachagua Mbemba bila kusita. Kosa letu pale kioski halikuwa kumpa Mbemba namba moja. Kosa ni ile sababu tuliyotoa. Hatukusema Kimwaki aliruka vibaya ao alikosa mbio. Tulisema alibakia, na tukaona inatosha.

Iko jambo lingine ambalo watu wa Lubumbashi tulipaswa kulikumbuka mbele ya wengine. Februari 2012, Zambia ilishinda Kombe la Afrika kule Libreville, na penalti ya mwisho mbele ya Côte d'Ivoire ilipigwa na beki Stoppila Sunzu. Wakati ule Sunzu alikuwa anacheza wapi? Hapa hapa, Mazembe. Rainford Kalaba naye alitoka Zambia akakuja hapa. Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walitoka Tanzania wakakuja hapa, na Samatta alitokea hapa kwenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016. Kwa hawa vijana, Lubumbashi njo ilikuwa nje. Bila shaka na wao walikuwa na wajomba waliosema kwa furaha: kijana wetu ametoka, ako Congo!

Ile ile nyasi ya Kamalondo, kwa Sunzu inaitwa kutoka, kwa Kimwaki inaitwa kubakia. Ni nini ilifanya Mzambia avuke Kasumbalesa kukuja kufanya kazi kwetu? Ekipe ilikuwa na mshahara, kiwanja chake yenyewe toka mwaka 2011, na mashindano makubwa kila mwaka. Watu wanafuata mahali ambapo kazi inafanyika vizuri. Hapo njo ningependa tuanzie wakati wa kupima maisha ya mchezaji: je, alipata mahali pa kufanyia kazi, na alipopapata alifanya nini? Kwa swali hilo, mwaka wa Kimwaki wa 2015 ni mkubwa kuliko msimu wa Mbemba wa 2024-2025 pale Marseille. Na Mbemba akiulizwa, ninafikiri hawezi kukataa, kwa sababu hakuna mchezaji anayependa kukaa bila mechi.

Hata sheria ya FIFA inalijua jambo hili kuliko sisi. Mchezaji akiuzwa mbele ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa vilabu vilivyomlea toka miaka 12 mpaka 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka kati ya 16 na 23. Sisi watu wa kilimo tunaelewa haraka: pepinieri iko na haki yake kwenye mavuno. Lakini klabu yenye makaratasi yaliyovurugika haiwezi kuonyesha kwamba mtoto alilelewa kwake. Yaani kuna mtu aliyebakia, mwandishi wa klabu, mwenye daftari na kalamu, ambaye kazi yake ikiwa mbaya, kiwanja cha watoto kinakosa pesa za kununua mipira. Huyo hatumuimbi, na hatujui hata jina lake.

Sisemi tusitoke. Ile burse nitaiomba tena mwaka kesho, sitawadanganya. Mwenye kupata viza aende, na asome vizuri. Ninachokataa ni kuishi hapa kama mtu anayengojea basi, bila kupanda kitu kwa sababu «minaenda karibuni». Toka nimalize masomo nimeishi hivyo miaka mitatu. Shamba la babu yangu liko umbali wa saa moja na nusu kwa motari, udongo wake ni mzuri, na sijawahi kulilima kwa akili yangu yote. Huku mjini bukari tunayokula, sehemu kubwa ya unga wake inatoka Zambia. Wazambia walikuja kutufungia goli, na mahindi pia wanatuletea. Sisi wenye diplome za kilimo tuko kioski, tunamcheka Kimwaki.

Mvua ya kwanza ikikuja, nitapanda nusu hektari ya mahindi, na mistari nitaipima mwenyewe. Mjomba akiniuliza kama ningali hapa, nitamjibu ndiyo, mjomba, ningali, na jumamosi ninahitaji mikono.

Kwa ndugu yangu mtu wa sheria: kesi ninaifungua tena siku ya Mungu, saa ile ile, kioski ile ile. Ukuje na mechi ulizotazama, mambo ya viza tuyaache nyumbani. Na nyinyi wengine mnaosoma, niambieni hapa chini: ni beki gani wa kwenu aliyebakia, na ni kazi gani aliifanya ambayo hatukuiona?