Rangi na Upungufu: Kuitazama Upya *Kasturi Nivasa*

Filamu ya Kikannada *Kasturi Nivasa*, iliyoongozwa na Dorai na Bhagavan mwaka 1971, ilitolewa upya mwaka 2014 ikiwa imetiwa rangi. Makala haya yanadai kwamba rangi hiyo, licha ya manufaa yake, inakinzana na mantiki ya ndani ya kazi yenyewe.

Msuko wa filamu ni wa kupungua. Ravi Varma (Rajkumar), mwenye kiwanda cha viberiti, hajui kumnyima mtu. Anampisha Chandru amwoe Neela, mwanamke aliyemtamani yeye mwenyewe. Kisha Chandru huyo huyo anageuka mshindani wake kibiashara, na mali inamtoka Ravi hatua kwa hatua. Mwishoni Neela (Jayanthi) anakuja kumwomba njiwa wake kwa ajili ya mtoto, kumbe njiwa ameshatolewa ili mgeni huyo apate chakula. Msomaji wa Boccaccio atamkumbuka mara moja Federigo na kozi wake katika *Decameron*. Hata hivyo, Federigo huishia kumwoa mjane yule na kutajirika tena. Ravi anakufa kwa kukosa cha kutoa.

Inafaa basi kutofautisha kusafisha na kutia rangi. Picha iliyochujuka ikisafishwa hurudia hali yake ya awali. Lakini rangi za nguo na kuta za Ravi hazikupotea popote. Zilichaguliwa na mafundi zaidi ya miaka 40 baadaye. Filamu ya mtu anayepungukiwa imeongezewa kitu isichokuwa nacho, na hicho, kwa maoni yetu, ni kinaya ambacho hakikukusudiwa. Hatukatai kwamba uso wa Rajkumar sasa unasomeka vyema, hasa pale anaponyamaza, na kunyamaza ndiko kipaji chake kikuu hapa.

Linganisha na muziki wa G. K. Venkatesh. Wimbo wa mwanasesere asiyeanguka hata akisukumwa husikika kwanza kwa furaha; baadaye lahani ile ile hurejea kwa majonzi. Takriri hiyo hubeba maudhui yote kwa kubadilisha hali tu, bila kuongeza ala ya fahari. Katika weusi na weupe, picha nayo ilifanya hivyo hivyo: utajiri na ufukara vilipigwa kwa kivuli kimoja, hata mtazamaji asijue ni lini hasa nyumba ilianza kuwa tupu. Katika nakala ya rangi anaambiwa mapema mno.