"Uko mutoto ya nani?": Namna wanatuchunguza mbele ya kutupatia kazi



Kila mara tangazo la kazi linabandikwa hapa Sakania, tunakimbilia ku fotokopi. Dosie tunaijua kwa kichwa: barua, CV, diploma, karte ya ONEM, karte ya uchaguzi, atestasio ya mwenendo muzuri ya ku komini, karatasi ya parke yenye inaonyesha kama umekwisha kuhukumiwa, karatasi ya munganga. Tunapanga yote mu farde, tunapeleka ku mulango wa kampuni, na mulinzi anatuambia: "Muache tu, batabaita."

Kati ya siku ile na siku simu inalia (ao hailie) kuko kazi moja yenye hatuione: wanatuchunguza. Leo nataka kuchambua ile kazi. Msimamo wangu nausema mbio: mwajiri ako na haki ya kuchunguza, hata lazima achunguze. Lakini namna inafanywa kwetu ni mbaya. Inachunguza jamaa, jina na maneno ya watu, inaacha kazi yenyewe. Na mwenye anachunguzwa hajui kitu, kwa hiyo hawezi kujibu.

Tuanze na makaratasi. Atestasio ya mwenendo muzuri inashuhudia nini? Mutumishi wa komini anauliza jina, kwenye ulizaliwa, avenue, unalipa, anapiga muhuri. Amekujua dakika tano. Mwizi na mutu wa haki wanatoka pale na karatasi moja. Ile ya parke iko na nguvu zaidi, kwa sababu nyuma yake kuko korti. Lakini kwa mutu wa Mokambo ao wa kijiji cha ndani, kila karatasi ni safari, na kila safari ni feza ya mutu mwenye hana kazi.

Diploma njo karatasi yenye ingefaa kuchunguzwa sana, na njo yenye inachunguzwa kidogo. Wengi wetu tumemaliza, tunatembea na atestasio ya kufaulu na relevé ya alama, diploma yenyewe ingali njiani. Mwajiri anaangalia muhuri, anaona ni bluu, basi. Ni wangapi wenye wanaandikia sekretaria ya fakilte na kuuliza: "Huyu alimaliza kwenu, mwaka gani, na alama gani?" Barua moja tu ingetenganisha mwenye alilala macho wazi mbele ya egzame na mwenye alinunua karatasi.

Sasa tufike ku uchunguzi wa kweli, ule wenye unaamua. Uko na swali mbili: "Uko mutoto ya nani?" na "Nani anakuyua hapa?" Kama jibu ni zuri, dosie inapanda juu ya meza. Kama haiko, inalala chini. Ile njo tunaita pistoni. Mutu anaweza kusema: kumbe ni namna ya kuchunguza, mwajiri anatafuta mutu mwenye jamaa inaweza kumujibia. Naelewa. Mu muji mudogo, kujua jamaa ya mutu kunasaidia kidogo. Lakini angalia matokeo: mutoto wa mukubwa hachunguzwe hata kidogo, kwa sababu jina la baba limekwisha kujibu. Mutoto wa mulimaji anachunguzwa mara mbili, kisha anakosa.

Tena kuko ile simu. Mwajiri mupya anaita chef wa zamani: "Ulifanya kazi na fulani, ni mutu gani?" Chef anajibu kwa sekunde kumi: "Eh, ule, ana mudomo." Labda ule kijana alikataa kutia sahihi ku bon ya mbolea yenye haikufika ku depo. Labda aliomba tu mushahara wa miezi mitatu yenye hawakumulipa. Huku ku ingine hawatauliza "mudomo" ni nini. Watafunga farde, na yeye atabaki kungojea simu, akisema ni Mungu hajapenda.

Na kwetu ku mupaka kuko hatari ingine, ile ya majina. Hesabu ba-Mwansa, ba-Mulenga na ba-Chanda wenye wako kuanzia Kasumbalesa kufika Mokambo, kisha ongeza wale wa Mufulira na Ndola. Mutu mumoja anaandikwa Chanda ku karte ya uchaguzi na Tshanda ku diploma, kwa sababu kila karani ana masikio yake. Mwenye kuchunguza kwa haraka anaweza kukubebesha deni ao kesi ya mwenye jina lako. Ao anaona majina mbili zenye hazifanane, anasema diploma ni ya uongo. Ao anasikia umesoma miaka mbili ngambo, anauliza kama uko Muzambia. Teritware yetu imeingia ndani ya Zambia sawa mukono, barabara yao ya Pedicle inapita kwetu, jamaa zetu ziko pande zote mbili. Uchunguzi wenye haujue jografia ya Sakania utaumiza watu wa Sakania wa kwanza.

Watu wengine watasema: basi tuache kuchunguza, tupime watu kwa macho. Hapana. Tuangalie majirani. Tarehe 28/04/2017, kule Dodoma, Rais Magufuli wa Tanzania alipokea ripoti ya uchunguzi wa vyeti: watumishi wa serikali 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe. Kenya, mwezi wa pili 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza watumishi 2,067 wenye vyeti vya uongo. Kila nafasi kati ya zile ilikuwa ya mutu fulani mwenye alisoma kweli, akarudi nyumbani na farde yake. Uongo wa diploma unaiba kwa wenye lisanse mbele ya kuibia serikali.

Lakini ile kazi ya Tanzania inafundisha mambo tatu. Muzuri wake: hawakuuliza majirani, walienda ku chanzo, ku Baraza la Mitihani lenye linachunga matokeo. Mubaya wake wa kwanza: ilikuja nyuma. Watu walikuwa wamekwisha kufanya kazi miaka mingi, wengine walimu, wengine wauguzi, na ilibidi kungojea 2022 kusudi serikali iamue kuwarudishia michango yao ya pensheni. Kuchunguza mbele kunagharimu barua moja, kuchunguza nyuma kunavunja maisha ya mutu na kazi ya shule nzima. Mubaya wa pili: viongozi wa kisiasa hawakuingizwa. Uchunguzi, kama maji ya mvua, unapenda kushuka chini. Juu hakulowane.

Sisi watu wa Katanga tuna sababu ya kuwa macho juu ya mambo haya, kwa sababu historia ya kazi yetu ilianza na kuchunguzwa. Reli iliingia nchi kupitia hapa Sakania, ikafika Elisabethville mwaka wa 1910. Mwaka ule ule waliunda Bourse du Travail du Katanga, ya kutafutia migodi watu wa kazi. Kisha mufanyakazi mweusi akapewa livret, kitabu kidogo chenye kilimufuata kila kwenye anaenda, na mwenye kuandika ndani hakuwa yeye.

Njo maana napenda sana mustari mumoja wa Code du travail, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16/10/2002. Unasema: mukataba ukiisha, kwa sababu yoyote, mwajiri anapaswa kukupa sertifika yenye inaonyesha kazi gani ulifanya, ulianza lini, ulimaliza lini, na nambari yako ya sekirite sosiali. Siku mbili za kazi, si zaidi. Na kisha unaongeza: neno lingine lolote haliruhusiwe kuandikwa pale. Soma tena. Haliruhusiwe. Sheria ilijua kama kalamu ya chef mwenye kukasirika inaweza kumufuata mutu miaka kumi. Sasa angalia sisi: sheria imefunga mulango wa karatasi, tumefungua dirisha la simu. Kile chenye chef hawezi kuandika na kutia sahihi, anakisema mu sikio, bila ushahidi, bila jina lake.

Mimi ni agronome, kwa hiyo niseme na mbegu. Mbele ya kupanda mahindi, kwanza tunaangalia etiketi: mbegu gani, imetoka wapi, imepimwa na nani. Kisha hatuaminie etiketi peke yake. Tunahesabu mbegu 100, tunazipanga mu kitambaa chenye maji, kisha siku saba tunahesabu zenye zimeota. Kama ni 90, tunapanda. Kama ni 50, tunarudisha. Hakuna mutu anauliza ile mbegu ni mutoto ya nani.

Mutu njo vile. Etiketi yake ni diploma: uliza fakilte. Kuota kwake ni kazi: mupeleke ku shamba lenye kiwavi jeshi kinakula mahindi, muulize atafanya nini, aandike ukurasa mumoja. Asubuhi moja inatosha kujua kama ule ni agronome ao ni shati tu. Na sheria yetu imekwisha kutoa kitambaa chenye maji: muda wa majaribio, yenye inaandikwa mu mukataba, mwezi mumoja kwa kibarua bila ufundi, kufika miezi sita kwa wengine. Mwajiri mwenye ako na miezi sita ya kuona mutu kwa macho yake, anatafuta nini tena mu umbeya?

Kwa hiyo, wakubwa wa kampuni wenye mutasoma (najua muko), tunawaomba mambo kidogo. Muchunguze kile chenye kinahusu kazi. Mwenye atachunga depo ya mbolea, mujue kama korti ilimuhukumu juu ya wizi, ni haki yenu. Lakini kabila, kanisa na ndoa yake haviingie mule. Damu yake vilevile: sheria nambari 08/011 ya tarehe 14/07/2008 inakataza kudai kipimo cha VIH kusudi mutu apewe kazi. Mumujulishe mbele: "Tutaita fulani na fulani, unakubali?" Tangu 2023 kuko Code du numérique yenye inalinda habari za mutu na inamupa haki ya kuziona na kuzisahihisha. Na mukipata neno baya, mumuonyeshe mbele ya kuamua. Labda ni Chanda mwingine. Tena muchunguze wote kipimo kimoja, hata mutoto wa mukubwa, na yeye wa kwanza.

Mutasema dosie ni nyingi, wakati ni kidogo. Sawa. Musichunguze wote. Muchague watatu wa mwisho, mutume barua tatu ku fakilte, muite watu watatu. Ni kazi ya siku mbili tatu. Mutu mubaya mu mushahara wenu atawakulia zaidi ya siku tatu.

Na sisi wenye lisanse, mikono yetu haiko safi yote. Staji ya miezi mitatu inakuwa mu CV "eksperiansi ya miaka mbili". Binamu anajifanya chef wa zamani ku simu. Mwenye anafanya vile anafungia wenzake mulango, kwa sababu mwajiri mwenye amedanganywa mara moja haamini tena mutu, anarudi ku swali ya kale: "Uko mutoto ya nani?" Pistoni inakula uongo wetu, njo inanona.

Kwa hiyo tuombe kuchunguzwa, lakini kwa haki. Siku mukataba wako unaisha, dai sertifika yako mu siku mbili, usione haya, ni sheria. Andika jina lako namna moja ku karatasi zote, na kama komini ilikosea, sahihisha leo, usingoje siku ya tangazo. Ku barua yako ya kuomba kazi ongeza mustari huu: "Ninakubali muulize fakilte yangu, na kama mukisikia neno juu yangu, ninaomba kulijibu." Mwenye ana diploma ya kununua hataandika ule mustari. Wewe uandike.